Mpaka Pale Karasha Linaposikika

Mageni hakuwa na ugomvi na samaki. Ugomvi wake ulikuwa na maji, na kuliko hata maji, alikuwa hamwamini shemeji yake Amosi.

Jioni hiyo Amosi alimkuta nyuma ya nyumba anapasua kuni. Akasimama kando, kasia begani, anamtazama tu. Mageni akajifanya hajamwona mpaka ikawa aibu.

"Mwadila, shemeji," Amosi akamsalimu.

"Mwadila."

"Nisaidie leo tukatege nyavu. Herman kalala na malaria, hata kusimama hawezi. Wewe utakaa tu mbele. Kazi naifanya mwenyewe."

Sasa msimcheke Mageni. Mtu kazaliwa Kishapu, huko ambako maji unayafahamu yakiwa kwenye ndoo, kichwani kwa mtu. Ujana wake kaumalizia kwenye mashimo ya dhahabu kule Bugarama, anashushwa chini na kamba kiunoni, na huko hakuogopa kitu. Lakini ziwa! Kuogelea hajui hata kwa kubahatisha. Mwalo huu wa Nyamalele, hapa mitumbwi inapotia nanga, alikuja kwa sababu ya mwanamke, Apolonia, dada yake Amosi, aliyekuwa mjane mwenye binti mdogo anaitwa Vumilia. Tangu amwoe, mwaka wa pili huu, hajawahi kuingia ziwani zaidi ya magoti.

Na huo ujane wa Apolonia ndio uliomkosesha Mageni usingizi. Mume wake wa kwanza, Edson, alitoka jioni moja na Amosi kwenda kutega nyavu. Amosi akarudi peke yake. Maiti haikuonekana, hata kandambili haikuelea. Ukimuuliza anakwambia ziwa limemchukua, kisha anainama anaendelea kushona nyavu zake. Na watu wa mwaloni wana midomo, wee! Wakasema mbona tangu siku ile nyavu za Amosi hazirudi tupu? Wakasema wapo wavuvi wanaolipa samaki kwa roho za watu, na anayetolewa kwanza ni shemeji, maana ni ndugu wa karibu lakini si damu yako. Mageni aliyasikia yote hayo kwenye kahawa, akayameza, yakakaa tumboni.

"Tunakwenda mbali kiasi gani?" akauliza.

"Si unajua utaratibu wa hapa? Mpaka pale karasha linaposikika. Likianza kupotea tunageuza."

Utaratibu huo hata Mageni aliujua. Karasha ni ile mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, na la Mama Hosiana lilikuwa palepale ufukweni, linanguruma tangu alfajiri hadi watu wanapokwenda kulala, mpaka mwenyeji hatambui tena likiwaka wala likizima. Apolonia alikuwa kibarua hapo, anachekecha unga wa mawe. Wenye mitumbwi midogo isiyo na injini hawakuwa na kipimo kingine. Jioni upepo hutoka nchi kavu kuelekea ziwani, na ukishavuka pale sauti ya karasha inapokatika, kasia halifui dafu. Upepo unakuchukua kwenye maji makubwa, na mtumbwi wa mbao tatu huko haukai.

"Ila wewe ndiye utasikiliza," Amosi akaongeza. Akagusa sikio lake. "Haya yangu yameziba, miaka mingi ya kupiga mbizi. Huwa Herman ndiye ananisikilizia."

Hilo nalo Mageni hakulipenda. Masikio yameziba tangu lini? Mbona kwenye kahawa ukitaja jina lake anageuka? Lakini kukataa kunataka sababu, na sababu aliyokuwa nayo haisemeki mbele ya mtu. Angemwambia nini, kwamba naogopa utaniua? Akaweka shoka chini, akamfuata.

Alikaa mbele ya mtumbwi lakini akageuka, akampa ziwa mgongo, ili aione mikono ya Amosi. Amosi alilitambua hilo. Akatabasamu kidogo, akaanza kupiga kasia.

Jua lilikuwa limeshachovya majini. Ufukwe ukasogea nyuma ya mabega ya Amosi, mabati yakawa madogo, moshi wa jikoni ukalala juu ya migomba. Na karasha likasikika.

Du... du... du... du...

"Linasikika?" Amosi akauliza.

"Linasikika."

Wakaenda. Maji yalikuwa yametulia kabisa, hayana hata kikunjo. Amosi akaanza kushusha nyavu taratibu, boya moja baada ya jingine, zile chupa za plastiki zilizofungwa kwa kamba. Kila baada ya muda anainua uso.

"Linasikika?"

"Linasikika."

"Vizuri?"

"Vizuri, shemeji. Kwani vipi?"

"Nauliza tu."

Mageni akaanza kuhesabu maneno ya huyu bwana. Mtu anayeuliza hivyo anataka nini? Anasubiri jibu gani? Labda anangoja siku nitakayosema halisikiki, ajue hapa ndipo hakuna wa kusikia kelele zangu. Akashika ukingo wa mtumbwi kwa mikono yote miwili, akaamua kwamba hata likipotea atasema linasikika.

Lakini halikupotea. Lilizidi kuwa wazi.

Ndipo lile wingu likaja. Mnawajua wale wadudu wa ziwani wanaoinuka kwa mamilioni, ukiwaona kwa mbali unadhani kuna nyumba inaungua? Wingu lao lilipita kati ya mtumbwi na nchi kavu, likawafunika. Wadudu wakaingia puani, masikioni, mdomoni. Harufu yao ikawa ya samaki aliyelala siku mbili juani. Mageni akafumba macho, akatema, akafuta uso kwa shati. Alipofumbua, ufukwe haukuwepo. Lilikuwepo giza la rangi ya majivu na umbo la Amosi limeinama.

Du... du... du... du...

Mageni akaganda.

Sauti ilikuwa nyuma yake.

Tangu wameondoka ilikuwa ikimpiga usoni, ikitokea mgongoni kwa Amosi, kule kwenye nyumba. Sasa ilikuwa inampiga kisogoni. Akasema moyoni, kageuza mtumbwi. Nilipofumba macho, huyu mtu kageuza mtumbwi.

"Umegeuza?" akauliza.

"Nigeuze nini? Nyavu bado ziko mkononi."

Simu ikalia mfukoni. Mageni nusura aruke majini. Alikuwa ni Apolonia.

"Baba Vumilia, mko wapi? Nimeambiwa umekwenda na kaka."

"Tunatega. Tunarudi sasa hivi."

"Rudini bwana, giza limeingia. Mimi nipo hapa kwa mama tangu mchana. Karasha limekatika mkanda, Mama Hosiana katurudisha wote."

Mageni akatema. Kooni bado kulikuwa na mdudu.

"Limekatika lini?"

"Si nimekwambia mchana! Fundi mwenyewe mpaka kesho."

"Apolonia... toa simu nje. Nataka kusikia."

"Kusikia nini?"

"We toa tu."

Akatoa. Mageni akasikia chura. Akasikia Vumilia anaimba peke yake, na mbwa wa jirani. Zaidi ya hapo, kimya. Na katika sikio lake la pili, lililokuwa wazi kwa ziwa, karasha lilikuwa linanguruma kama amesimama mlangoni pake.

Akakata simu bila kuaga.

"Anasemaje?" Amosi akauliza.

Mageni akaitazama mikono ya Amosi. Alikuwa anapiga mahesabu ya mtu aliyebanwa. Apolonia ni dada yake Amosi. Wametoka tumbo moja. Edson alikuwa mume wa huyu, akapotelea kwenye mtumbwi wa huyu. Sasa wote wawili wanataka nini, niache kuamini masikio yangu? Karasha hili hapa, nalisikia! Roho ikamuuma, maana mkewe alimpenda, na hakuwahi hata siku moja kumwazia hivyo.

"Anasema karasha limeharibika tangu mchana," akasema mwishowe, anamkodolea macho.

Amosi akaziachia nyavu. Zikateleza majini zote, naye hakuzitazama.

"Na wewe bado unalisikia."

"Ndiyo."

"Upande upi?"

Mageni akaonyesha kwa kidole gumba, nyuma ya bega lake. Amosi akatazama huko kwa muda. Kisha akaanza kunong'ona, na Mageni akashangaa kumsikia anatetemeka.

"Edson naye aliniambia linasikika. Nikamwuliza, akasema linasikika, tukaenda, nikamwuliza tena, akasema linasikika. Siku ile dizeli ilikuwa imewaishia, halikuwashwa kutwa nzima. Mimi nilikuja kujua baadaye. Akaniambia tumefika, shemeji, mchanga huu hapa. Akasimama... akashuka."

"Akashuka wapi?"

"Hapahapa. Bibi yetu alikuwa anasema hata kabla ya mashine kuletwa, watu walisikia kutwanga huku ndani. Kutwanga kwa kinu, jioni, kama kuna mji. Sisi tulimcheka."

"Kwa nini hukuwaambia watu?"

"Ningemwambia nani? Wewe hapo nakwambia. Umeamini?"

Mageni hakuamini. Hata kidogo. Aliona mtu aliyejitungia hadithi miaka mingi na sasa kaipatia pa kuitumia. Zaidi ya yote, aliona kwamba Amosi ameshika kasia na anataka kulielekeza kule kwenye kimya.

"Yaya," akasema kwa Kisukuma cha kwao. Hapana. "Twende kwenye karasha."

"Shemeji..."

"Twende kwenye karasha nimesema!"

Hakukuwa na haja ya kwenda. Mtumbwi ulikuwa unakwenda wenyewe, taratibu. Ikaja harufu ya dizeli. Ikaja harufu ya vumbi la mawe lililolowa, ile ambayo Apolonia hurudi nayo kwenye nywele kila jioni. Taa ya balbu ikawaka mbele, ya manjano, na chini yake kina mama wanacheka, wanapiga chekeche.

Krrrrr...

Tumbo la mtumbwi likakwaruza mchanga.

Mageni akainama. Mchanga aliuona. Aliona mikunjo yake chini ya maji ya kina cha goti, na konokono mweupe amelala.

"Baba Vumilia," mwanamke mmoja akaita kutoka kwenye mwanga. "Shuka. Umefika."

Akasimama. Amosi akamrukia, akamshika shati kwa nyuma.

"Usishuke! Nakuomba, usishuke!"

"Niachie!"

"Nilimwacha Edson. Wewe sikuachii."

Mageni akampokonya kasia, akaliinua juu. Alikuwa tayari kulishusha kichwani kwa mtu, nawaambia ukweli wake, na sura ya Apolonia, dada mtu, haikumjia kabisa. Mguu mmoja ulikuwa umeshavuka ukingo wa mtumbwi.

Kilichomzuia si huruma. Ni mazoea tu. Bugarama hakuna mchimbaji anayeingia kwenye shimo asilolijua bila kutupa jiwe kwanza. Unaliachia, unasikiliza. Likigonga mapema unashuka, likichelewa unaomba kamba nyingine. Mkono wake ulishafanya hivyo mara nyingi mno kiasi kwamba haukungoja ruhusa. Akaurudisha mguu ndani, akalitupa kasia miguuni, akainama, akanyanyua jiwe la nanga lililofungwa kamba, akalining'iniza juu ya ule mchanga aliokuwa anauona.

Akaliachia.

Kamba ikaenda.

Ikaenda... ikaendelea kwenda, inapiga ukingo wa mtumbwi, tak-tak-tak, mzunguko baada ya mzunguko. Mchanga uko palepale. Konokono yuko palepale. Na kamba inapita katikati yake.

Ikaisha. Ikakaza kwenye fundo, jiwe bado linaning'inia.

Mageni akaketi.  Aibu aliyoipata hapo ilikuwa kubwa kuliko hofu. Miaka miwili amekula na mtu huyu sahani moja huku anamfikiria hivyo, na mtu mwenyewe alikuwa amemshika shati asife.

"Shemeji," akasema. "Nisamehe. Shemeji, nisamehe sana."



Amosi alikuwa ameliachia shati. Kichwa kimeinama upande mmoja, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Uso wake wote, uliokuwa na makunyanzi ya wasiwasi, ukalainika.

"Kumbe linasikika," Amosi akasema.

"Nini?"

"Karasha. Linasikika vizuri kabisa." Akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyepona. "Miaka mingi sijasikia kitu vizuri hivi."

"Amosi, kaa chini."

"Edson yule pale. Kumbe yupo. Si unamwona ameshika taa?"

"Amosi!"

Mageni akamrukia, akaambulia hewa. Amosi alikuwa ameshashuka.

Na maji yakamfika magotini.

Hapo ndipo Mageni alipopiga ukelele, maana alikuwa bado ameishika kamba mkononi, nayo ilikuwa inashuka moja kwa moja chini na haijagusa kitu. Amosi alikuwa amesimama hapo kando yake. Akatembea hatua chache, maji yanarukaruka, akageuka.

"Shuka bwana. Mchanga huu."

Kisha hayupo.

Hakukuwa na kishindo wala povu. Taa ikazimika. Kina mama wakanyamaza. Karasha nalo likakatika, ghafla, na ziwa lote likawa kimya hadi Mageni akasikia pumzi yake mwenyewe inaingia na kutoka.

Aliita jina la Amosi mpaka sauti ikakauka. Alijaribu kuivuta nanga, ikawa nzito kuliko lile jiwe alilolishusha. Akavuta tena. Ikamvuta kidogo. Akalifungua fundo kwa meno, akaiacha kamba iende.

Akampigia Apolonia.

"Washeni tochi ufukweni. Nyingi. Sioni kitu."

"Kuna nini? Mpe kaka simu."

"Anapiga kasia. Washeni tochi, tunakuja."

Tunakuja, alisema. Hakujua kwa nini alisema hivyo. Neno lilitoka tu.

Nuru zikaonekana mbali, ndogondogo, upande ambao asingeudhania hata kidogo. Akalisaka lile kasia gizani kwa mikono, akalipata. Upepo wa nchi kavu ulikuwa ndio kwanza unaanza kumgusa usoni. Alipiga kasia vibaya, mtumbwi unazunguka, viganja vinatoka damu, analia waziwazi. Alilia kwa ajili ya Amosi. Alilia pia kwa sababu alijua kabisa anarudi mwaloni kama nani.

Alipokaribia, watu walikuwa wamejaa ufukweni. Tochi zikampiga machoni.

"Mageni! Shuka!" wakaita. "Umefika, shuka!"

Hakushuka.

Akachoma kasia majini. Likagota. Akachoma upande wa pili. Likagota. Akaingiza mkono, akachota mchanga, akautia mdomoni, akautafuna. Watu wakatazamana. Ilibidi wanaume wawili waingie wamtoe kwa kumbeba, naye anawapapasa nyuso kuhakikisha kama wana nyuso kweli. Huko nyuma yao karasha la Mama Hosiana lilikuwa gizani, kimya, mkanda wake umelala chini.

Herman alikuwa amekuja amejifunga blanketi, anatetemeka kwa homa.

"Amosi yuko wapi? Mlifika umbali gani, tumfuate na mtumbwi wa injini."

Mageni akafungua mdomo. Angeweza kusema. Nataka mjue kwamba alikuwa nayo yote pale kwenye ulimi, mchanga na taa na maji ya magoti. Lakini akaziona zile nyuso, akakumbuka jinsi yeye mwenyewe alivyomtazama mtu aliyemwambia habari hiyohiyo, muda si mrefu uliopita. Akatafuta kitu ambacho watu wanaweza kukiamini.

"Wimbi," akasema. "Lilikuja wimbi kubwa likatupindua. Mimi nimeshika mtumbwi, yeye... yeye sikumwona tena."

Kina mama wakaanza kulia kwa sauti. Apolonia hakulia. Alikuwa amesimama mbele yake kabisa, tochi mkononi, na Vumilia amemshika kanga.

"Wimbi lipi, Baba Vumilia?" akauliza polepole. "Nimesimama hapa tangu uliponikatia simu. Ziwa halijatikisika."

Akashusha tochi. Akammulika kifuani, tumboni, hadi kwenye magoti ya suruali. Kisha akanyoosha mkono wake wa kulia, akaishika kola ya shati lake, akaifikicha kati ya vidole viwili.

"Na mbona wewe ni mkavu?"

 Jibu la kweli Mageni alikuwa ameshaliharibu mwenyewe, na sasa hata angelisema, lingekuwa uongo wake wa pili. Alitaka amshike mkono mkewe. Apolonia akaurudisha nyuma, si kwa hasira, kwa tahadhari tu, kama unavyomkwepa mgeni njiani. Akaizima tochi. Akamnyanyua Vumilia, mtoto mkubwa wa kutembea mwenyewe, akambeba mgongoni, akashika njia ya kwenda kwa mama yake.